Kukanda: Kulinganisha na Nini?

Majaribio ya kisayansi juu ya kukanda mwili ni mengi, na mengi yao yanapwaya mahali pamoja: aliyekandwa analinganishwa na nani? Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kotisoli, homoni ya msongo. Mwaka 2005 Tiffany Field na wenzake wa Chuo Kikuu cha Miami walikusanya matokeo ya tafiti mbalimbali, wakaandika kwamba baada ya masaji kotisoli hushuka kwa wastani wa asilimia 31, serotonini hupanda kwa asilimia 28 na dopamini kwa asilimia 31. Tarakimu hizo zilisafiri mbali. Mwaka 2011 Christopher Moyer na wenzake wakaurudia mjadala kwa njia nyingine: badala ya kumpima mtu kabla na baada ya kukandwa, wakalinganisha waliokandwa na wasiokandwa. Tofauti ya kotisoli ikawa ndogo mno, mara nyingi haitengani na sifuri.

Sababu haihitaji hesabu ngumu. Kotisoli hupanda alfajiri, kisha huteremka kadiri siku inavyosonga. Mtu akipimwa asubuhi na kupimwa tena baada ya saa moja, kuna uwezekano mkubwa itakuwa imeshuka, awe amekandwa au amekaa tu chini ya mwembe. Kipimo cha kabla na baada kinaihesabia mikono ya mkandaji kazi iliyofanywa na saa.

Maumivu ya mgongo yana mtego wa aina hiyohiyo. Mtu anayesukuma baiskeli yenye bidoni za mawese na magunia ya mchele hadi masoko ya Kindu, jimboni Maniema nchini Kongo, haendi kukandwa siku mgongo unapouma kidogo. Anakwenda siku umemlaza. Maumivu ya namna hiyo kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya majuma machache, kwa hiyo anayeanza kukandwa siku mbaya kuliko zote karibu lazima apate nafuu, na ushuhuda wake utakuwa wa kweli kabisa bila kuthibitisha chochote. Memwari (tasnifu) ya mwanafunzi wa kinezi, yaani tiba ya viungo, au wa uuguzi inayoishia kuhesabu asilimia ya walioridhika inaandika ushuhuda huo kwa tarakimu. Huo si utafiti wa tiba, hata kama jedwali limepangwa vizuri.

Jaribio la Daniel Cherkin na wenzake, lililochapishwa Marekani mwaka 2011, lilikwepa mtego huo. Wagonjwa 401 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: masaji ya kitaalamu inayolenga misuli na viungo, masaji ya kawaida ya kustarehesha, na matunzo waliyozoea. Baada ya majuma 10 makundi yote mawili ya masaji yalikuwa na hali bora kuliko kundi la tatu. Lakini yenyewe kwa yenyewe hayakutofautiana kwa maana yoyote, na baada ya mwaka faida ilikuwa imefifia. Wanaouza kozi za mbinu maalumu wangefanya vema kulisoma mara mbili. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha majaribio 25 yenye washiriki 3,096, yalihitimisha kwamba imani katika masaji kama tiba ya mgongo inabaki ndogo sana, kwa kuwa ushahidi wenyewe ni wa ubora wa chini.

Kwa watoto wachanga suala ni gumu zaidi, kwa sababu mikono na mafuta huja pamoja. Mwaka 1986 Field aliripoti kwamba watoto waliozaliwa kabla ya siku zao na kukandwa waliongeza uzito kwa siku asilimia 47 zaidi ya wenzao, wakatoka hospitali siku 6 mapema. Cochrane ilipojumlisha majaribio mwaka 2004, nyongeza ikawa gramu 5.1 kwa siku, na wapitiaji wakatia shaka ubora wa majaribio. Huko Dhaka, Gary Darmstadt na wenzake waliuliza swali jingine kabisa: mafuta peke yake yanafanya nini kwenye ngozi ya mtoto wa namna hiyo? Mafuta ya alizeti yalipunguza maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41. Lakini katika vipimo vya awali kwenye ngozi ya panya, mafuta ya haradali, ya zeituni na ya soya yalichelewesha ngozi kupona. Mafuta yanatofautiana, basi. Maniema ni nchi ya mchikichi: mawese na mafuta ya kokwa zake ndiyo yaliyo karibu na mkono wa mama, na hayamo katika majaribio hayo. Kuchukua jibu la alizeti na kulipaka mawese ni kubahatisha.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitenganisha mambo haya mawili vizuri: kwa mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi, kukandwa taratibu mwili mzima kunaweza kufikiriwa; kupakwa mafuta kila siku kwa ajili ya kuzuia magonjwa ya ngozi hakupendekezwi.

Ushahidi ulio imara kuliko wote juu ya mguso hauna mkandaji wala mafuta. Ni njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, ya mtoto kulazwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama. Katika jaribio la Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, lenye watoto 3,211 na lililochapishwa mwaka 2021, walioanzishiwa mara baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0, dhidi ya asilimia 15.7 ya waliosubiri hadi hali itulie. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilionekana. Hapo kulikuwa na ulinganisho.

 Kila anayekanda akumbuke pia kwamba kukanda kwa nguvu kiungo kilichojeruhiwa kunaweza kuotesha mfupa ndani ya misuli.

Jaribio la kweli la mgongo linawezekana Kindu bila mashine. Wagonjwa wa zoni moja ya afya wagawanywe kwa kura: wa kwanza wakandwe na mkandaji mzoefu, wa pili wapakwe mafuta taratibu na mtu asiye na ujuzi, wa tatu wapewe parasetamoli na shauri la kuendelea kutembea. Baada ya majuma sita maumivu yaulizwe na mtu asiyejua nani alikuwa kundi gani. Mawese yaanze mapema zaidi, maabara na kwenye ngozi ya watu wazima, kabla ya kufika wodi ya watoto.