Bima ya harusi Diff: Kinachofaa kulindwa ni sherehe au ngamia?

MVUA za Gu zinaponyesha kati ya Aprili na Juni katika nyanda za Wajir Kusini, malisho hustawi, maziwa huwa tele na ngamia hurejesha nundu zao. Huo ndio msimu ambao familia nyingi za wafugaji hupendelea kuwaozesha vijana wao. Mvua isiponyesha, harusi nazo husubiri.

Mji wa Diff, ulio kwenye mpaka wa Kenya na Somalia, unaufahamu vyema uhusiano huo wa mvua na ndoa. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana kati ya 2020 na 2022. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 8, 2021, na kufikia mwisho wa kiangazi hicho zaidi ya mifugo milioni mbili walikuwa wameangamia katika kaunti kame nchini. Kwa familia iliyokuwa imeahidi ngamia, hasara hiyo haikuwa ya mali peke yake. Ilikuwa pia hasara ya heshima, kwani ahadi iliyotolewa mbele ya wazee ilikuwa imekwama.

Ndiposa inafaa kuuliza iwapo bima inaweza kuilinda harusi ya mfugaji, na kwa gharama gani.

Bima ya sherehe

Katika mataifa kama Uingereza na Marekani, bima ya harusi ni biashara ya kawaida. Ada yake huanzia makumi machache ya pauni au dola na kufikia mamia kadhaa, kutegemea gharama ya sherehe. Hulipa fidia iwapo ukumbi utafungwa, mpishi atafilisika, dhoruba itazuia wageni au mmoja wa maharusi ataugua ghafla.

Hata hivyo, hati hizo huwa na mipaka mingi. Bwana au bibi harusi akibadili nia, kwa kawaida hakuna fidia. Janga la corona nalo lilifichua udhaifu mwingine. Mnamo Machi 2020, kampuni kadhaa za Uingereza zilisitisha uuzaji wa bima hiyo, na hati nyingi zilizofuata ziliondoa hasara zitokanazo na janga hilo. Kenya nayo ilidhibiti mikusanyiko, na ilikuwa hadi Julai 6, 2020 ambapo idadi ya wahudhuriaji wa harusi iliruhusiwa kufika 100.

Bima ya aina hiyo haina kazi kubwa Diff. Sherehe hufanyika nyumbani au chini ya mahema, wapishi ni jamaa na majirani, na nikaha yenyewe huhitaji walii, mashahidi na sheikh. Ikinyesha siku hiyo, watu hushukuru.

Panapopungua fedha, kuna qaaraan, yaani mchango wa ukoo, pamoja na hagbad, ambayo ni chama cha akina mama cha kuweka akiba kwa zamu. Jamaa walio Nairobi, Minneapolis au Ghuba pia hutuma chochote kupitia hawala. Tayari hiyo ni bima, ingawa haina hati wala wakala.

Mali iliyo hatarini

Gharama nzito iko kwingine. Kwa desturi za Wasomali, kuna yarad, mali inayotolewa kwa jamaa za msichana, na kuna meher, ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Miongoni mwa wafugaji, vyote viwili huweza kutajwa kwa idadi ya ngamia.

Hapo ndipo qaaraan hufikia kikomo. Mchango huo humfaa aliyeibiwa au aliyefiwa, kwa kuwa jirani yake bado anacho. Lakini ukame huwapiga wote kwa wakati mmoja. Anayeombwa na anayeomba huwa wamesimama mbele ya mizoga ileile. Hatari ya namna hiyo huhitaji mfuko uliojengwa na watu wa maeneo mengi.

Mifuko hiyo ipo. Bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti ilianzishwa Marsabit mnamo 2010. Ilipofika Wajir mnamo 2013, ilikuja kwa mfumo wa Kiislamu kupitia Takaful Insurance of Africa. Hilo lilikuwa muhimu, kwa maana Waislamu wengi huiepuka bima ya kawaida kwa kuhofia riba, kamari na gharar, yaani utata katika mkataba. Katika takaful, washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana, nayo kampuni huusimamia kwa niaba yao.

Mnamo Oktoba 2015 serikali ilizindua mpango wake wa bima ya mifugo katika kaunti za Wajir na Turkana, ikiwalipia wafugaji waliochaguliwa ada yote. Mnamo Februari 2017, zaidi ya familia 12,000 katika kaunti sita zilitengewa fidia ya zaidi ya Sh200 milioni. Tangu 2022, mradi wa DRIVE unaofadhiliwa na Benki ya Dunia umeendeleza juhudi hizo.

Hesabu yenyewe

Mfugaji asidanganyike kwamba bima hii itamrejeshea ngamia. Chini ya mpango huo wa serikali, kila familia ililindiwa vipimo vitano, kila kimoja kwa Sh14,000 kwa mwaka. Kipimo kimoja ni sawa na ng'ombe mmoja au mbuzi 10, na ngamia mmoja huhesabiwa kuwa kipimo kimoja na sehemu nne za kumi. Kwa hivyo kiwango cha juu kabisa, Sh70,000, kilitosha ngamia watatu na nusu, kwa takriban Sh20,000 kila mmoja. Ngamia mzima sokoni Garissa huuzwa kwa zaidi ya hapo.

Fidia hiyo ilikusudiwa kununua lishe na maji kabla mnyama hajafa. Zaidi ya hayo, setilaiti hupima ukijani wa malisho, haihesabu mizoga. Ngamia akifa kwa maradhi au akiibiwa, hakuna malipo. Vilevile, eneo lililofunikwa na mathenge laweza kuonekana kijani ilhali mifugo wana njaa.

Pamoja na kasoro hizo, familia yenye ahadi ya ndoa ina sababu ya kuwalinda ngamia wake wazazi, hasa ada ikiwa imepunguzwa kwa ruzuku. Asiye na ruzuku apime kwanza iwapo fedha hizo haziwezi kununua lishe moja kwa moja. Muda pia una uzito. Kwa desturi, bima hii huuzwa Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba, kabla ya mvua. Anayengoja kuona mawingu huwa amechelewa.

Jambo la mwisho halina ada. Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 76, inasema ahadi ya kuoa haimfungi mtu, ingawa aliyepata hasara anaweza kudai fidia. Kesi kama hizo huvunja koo. Ni busara wazee wa pande mbili wakubaliane mapema, kwa maandishi, ni ngamia wangapi watasubiri iwapo kiangazi kitarefuka. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lililopangiwa muda halimvunjii mtu heshima.