Uimbaji Nyumbani na Kanisani: Sauti Elfu Ishirini

Waalimu wapendwa, na ninyi jamaa mwimbao pamoja jioni, mwezi huu twawapa habari za sikukuu kubwa za uimbaji, maana wako wadhanio ya kuwa wimbo hupata nguvu kwa wingi wa watu tu.

Mwaka 1784 waimbaji na wapiga vyombo zaidi ya 500 walikusanyika katika kanisa la Westminster, London, kumkumbuka Handel, aliyetunga “Masihi”. Hata mwaka 1857, katika jumba la vioo liitwalo Crystal Palace, waimbaji wakawa wapata 2,000. Ndipo Mmarekani mmoja, Patrick Gilmore, kiongozi wa bendi, alipotaka kuwapita wote. Mwaka 1869 alikusanya Boston waimbaji wapata 10,000, kushukuru kwa amani baada ya vita ya ndugu kwa ndugu. Wazima moto 100 wakagonga mafuawe kwa nyundo, na mizinga ikalia. Mwaka 1872, baada ya vita ya Wafaransa na Wajeremani, akaita wapata 20,000, na wapiga vyombo 2,000. Hapo, kwa maoni yetu, alivuka kiasi. Sauti nayo ina mwendo wake, na katika nyumba kubwa namna ile walio nyuma hawawezi kwenda sawa na walio mbele. Mwalimu apendaye kupanga waimbaji safu kwa safu ili wageni wastaajabu, na afikiri kidogo.

Basi katika sikukuu hiyo ya 1872 walikuwamo vijana wachache weusi wa skuli ya Fisk, Nashville, iliyofunguliwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Wengi wao walizaliwa watumwa. Skuli ilikuwa na deni, na majengo yake, yaliyokuwa ya askari zamani, yalikuwa yakiharibika. Kwa hiyo mwaka 1871 mwalimu wao, Bwana George White, aliwachukua kwenda kuimba mji kwa mji, wapate fedha. Mara nyingine walikataliwa nyumba za wageni kwa sababu ya rangi yao.

Siku yao Boston, vyombo vilianza wimbo juu mno. Waliotangulia kuimba wakashindwa kuifikia sauti, na maneno yakapotea. Walakini Bwana White alikuwa amelihofu jambo hilo mapema, naye aliwazoeza vijana wake wimbo ule ule kwa sauti ya juu vile vile, neno kwa neno, hata wakauimba pasipo taabu. Zamu yao ilipofika, kila neno likasikika wazi. Watu wakashangilia, wakarusha kofia zao, na Gilmore akawapandisha vijana jukwaani pake mwenyewe.

Mwaka 1873 walivuka bahari, wakaimba mbele ya Malkia Victoria. Fedha za safari zao zilijenga nyumba ya Jubilee Hall, iliyofunguliwa mwaka 1876, nayo ingali imesimama, na wanafunzi hukaa humo.