MOSHI HUU UMEPEWA RUHUSA NA NANI?



Kila dohani ya kiwanda inayotoa moshi katika nchi yetu yapasa kuwa na karatasi yake. Karatasi hiyo ni leseni, nayo hutolewa na NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, kwa sheria ya mwaka 1999. Kabla ya kutiwa sahihi, sheria yataka watu waulizwe. Sasa twawauliza ninyi: ni wangapi kati yetu waliowahi kuulizwa? Mfanyakazi anajua saa za zamu yake, anajua mshahara wake mpaka senti ya mwisho, anamjua mnyapara na hata jina la mtoto wa mnyapara. Lakini yale yaliyoandikwa katika karatasi ya moshi anaouvuta saa nane kila siku, hayo hayajui.

Wako wanachama wanaosema kwamba mambo hayo ni ya watu wa kupanda miti, na kwamba kazi ya chama ni mshahara. Sisi hatukubali. Jirani wa kiwanda hupata moshi upepo ukigeuka upande wake. Sisi hatungoji upepo. Tuko mbele ya tanuri, na vumbi la kazi tunalichukua nyumbani katika nguo, tukawakumbatia watoto nalo. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuulizwa kwanza, ni yule anayevuta kwanza.

Tazameni jambo la Owino Uhuru, kijiji kilicho karibu na Mikindani, Mombasa. Mwaka 2007 kilianzishwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Ukuta wa kiwanda na ukuta wa nyumba za watu ulikuwa karibu mmoja. Kazi ilianza kabla ya uchunguzi wa mazingira kufanywa. Hakuna aliyewaita wenyeji akawaambia risasi ni kitu gani, kwamba ikiingia katika damu ya mtoto humharibu akili na mwili, na kwamba mtu haioni wala hainusi inapomwingia. Watu waliona kazi imekuja, wakafurahi. Nani asingefurahi?

Mwaka 2009 kiwanda kilimwandika kazi mama mmoja, Phyllis Omido, naye akapewa shughuli ya kusimamia huo uchunguzi uliokuwa haujafanywa. Wataalamu wakatazama, wakashauri kiwanda kihamishwe mbali na watu. Tajiri hakupendezwa. Baadaye mtoto wa mama huyo akaugua, akapimwa damu, ikaonekana ina risasi. Mama akaacha kazi akaanza kupigania kijiji. Tunataka mkumbuke kwamba mtu aliyelianzisha jambo hili hakutoka katika ofisi ya serikali wala hakutoka ng'ambo. Alikuwa mwajiriwa wa kiwanda, kama wewe.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kesi ilipelekwa mahakamani, na mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamua wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. NEMA yenyewe, ambayo kazi yake ilikuwa kuwalinda, ikabebeshwa sehemu 40 katika kila 100 za lawama. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ya malipo. Mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe: tangu 2007 mpaka 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule tanuri lilipowashwa alikuwa amekaribia kupewa kitambulisho. Na wale wenzetu waliokuwa wakisukuma betri ndani ya tanuri walipata hasara mara mbili, kwa sababu kiwanda kilipofungwa kazi iliondoka, lakini risasi haikuondoka pamoja nayo.

Haya yote yangaliweza kusemwa katika baraza moja la saa tatu chini ya mwembe kabla leseni haijatolewa. Ndiyo maana tunasema baraza si heshima tu wanayofanyiwa wenyeji. Ni mahali pa kuliona jambo lingali dogo.

Sasa tazameni Lamu. Mwezi Septemba 2016 NEMA ilitoa leseni ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, cha megawati 1,050. Watu wa Lamu wakaenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, ambalo ndilo linalosikiliza malalamiko juu ya leseni, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza likaifuta leseni. Wengi wetu tulisikia habari hiyo tukadhani Baraza lilisema makaa ya mawe ni mabaya. Neno kubwa katika uamuzi ule lilikuwa jingine: watu hawakuulizwa kwa njia ya haki.

Mikutano ilikuwapo, hapana shaka. Lakini Baraza liliona kwamba ilikuwa mikutano ya kujulishana tu. Uchunguzi ulipokwisha, na madhara ya moshi na majivu na maji moto yalipokuwa yameandikwa katika ripoti, watu hawakurudiwa wakaelezwa na kusikilizwa. Ni kama mtu aje kwako kuposa, akusalimu, anywe chai, azungumze habari za mvua, kisha aende akatangaze kwamba umekwisha kumpa binti. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikakubaliana na Baraza, na ile leseni ikabaki imefutwa.

Kanuni za mwaka 2003, ambazo Baraza lilizipima katika kesi hiyo, zilikuwa wazi kabisa. Zilimtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali watu wanapopita, atangaze katika gazeti na katika redio, na tena kwa lugha ya rasmi na ya wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Basi twaulizeni tena: tangazo hubandikwa wapi? Mara nyingi ni katika gazeti la Kiingereza, ukurasa wa katikati, herufi ndogo kama chawa. Ripoti yenyewe huwekwa katika ofisi ya kaunti, kurasa mamia, Kiingereza tupu, na ofisi hufungwa saa kumi na moja tunapotoka kazini. Mkutano huitwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Nani atakwenda? Atakwenda asiye na zamu, na atakwenda yule aliyetumwa.

Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi, hata kama wengine watakasirika. Yule aliyetumwa mara nyingi ni sisi. Tunajua inavyokuwa. Tajiri anatoa lori, anatoa fulana zenye maandishi, anatoa soda na mkate, na siku ile hakatwi mtu mshahara. Tunafika barazani, tunapiga makofi kila bwana wake anaposema neno "ajira", na mama wa jirani akisimama kuuliza juu ya kikohozi cha mtoto wake tunamzomea. Jioni tunarudi, na mama yule ndiye anayetuuzia maharagwe. Halafu mkutano unaandikwa katika ripoti kwamba wafanyakazi walihudhuria na wakakubali. Walikubali nini? Hawakuonyeshwa hata ukurasa mmoja.

Hatusemi viwanda vifungwe. Chama kinaishi kwa viwanda. Mtu akituambia kwamba watu wa Lamu walikuwa wakingoja kazi za ule mradi, twajua ni kweli. Vijana wa pale walikuwa na njaa ya kazi kama vijana wa hapa, na uamuzi wa Baraza haukuwapa kazi nyingine. Lakini kazi na pumzi si vitu vya kupimwa katika mizani moja, huyu apate hiki na yule kile. Tajiri husema kichujio cha dohani ni ghali na kwamba akilazimishwa kukinunua atapunguza watu. Labda ni kweli na labda si kweli. Basi alete hesabu zake katika baraza tuzione, kwa sababu baraza ndilo mahali pake. Asizinong'one katika ofisi ya meneja akiwa na wazee wawili wa kiwanda.

Na leseni ikitolewa, hutolewa kwa masharti, na masharti ndiyo nyama ya jambo lenyewe. Nani atapima moshi, yule yule tajiri au mtu wa nje? Mara ngapi kwa mwaka? Je, atapima mchana tu, au pia usiku wa manane, wakati wenzetu wa zamu ya tatu wanapoona dohani inafunguliwa kwa nguvu? Kichujio kikiharibika, tanuri litasimama au litaendelea? Nguo za kazi zitafuliwa kiwandani au atafua mke wa mfanyakazi pamoja na nepi? Damu ya wafanyakazi itapimwa lini, na majibu atapewa nani? Mwanasheria kutoka Nairobi hawezi kuyauliza haya, maana hajui kwamba zamu ya tatu ipo. Maswali haya ni yetu. Tukikaa kimya au tukipiga makofi, hayataulizwa na mtu.

Wengine huogopa kwamba hawana haki ya kusema, kwa kuwa hawana shamba wala nyumba karibu na kiwanda. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wafanyakazi ndani yake. Katika viwanda vingine kamati hiyo ni jina lililobandikwa ubaoni tu. Wajumbe wake hawajui hata kama ni wajumbe. Ifufuliwe, kwa maana ndiyo itakayosoma masharti ya leseni na kuyalinganisha na yale macho yanayoyaona.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi lifanye haya kabla ya mkutano wetu ujao wa wajumbe. Katibu wa tawi amwandikie meneja barua ya adabu, aombe nakala ya leseni ya kiwanda na masharti yake, pamoja na vipimo vya moshi vya mwaka uliopita. Meneja akikataa, barua iende NEMA. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 yazipa ofisi za serikali siku 21 za kujibu, basi katibu aweke nakala yenye muhuri na tarehe. Palipo na kiwanda kipya au tanuri jipya linalotakiwa kuongezwa, tawi lidai mkutano ufanywe Jumapili au baada ya zamu, na muhtasari wa ripoti usomwe kwa Kiswahili. Maoni ya tawi yaandikwe, yatiwe sahihi na watu wengi, na yafikishwe kwa mkono. Leseni ikitolewa na tawi halikuridhika, malalamiko hupelekwa mbele ya Baraza la Mazingira katika siku 60. Zikipita, mlango huo umefungwa.

Na lori la tajiri likija na fulana, msipande. Nendeni barazani kwa miguu yenu pamoja na majirani, mkiwa na maswali yenu mfukoni. Nakala za barua ziletwe kwa katibu mkuu, naye atazisoma zote katika mkutano wa wajumbe, pamoja na majina ya matawi ambayo hayakuandika.