Njia ya Wapagazi Isisahauliwe

Muhula huu katika mdahalo wetu wa historia liliulizwa swali hili: Je, yafaa kuweka alama mahali yalipopita majeshi ya mwaka 1916 katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita? Walio wengi walikataa. Mimi nilikuwa katika wachache walioshindwa, na kengele ililia kabla sijamaliza maneno yangu. Namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi niyamalize hapa.

Kwanza nieleze habari yenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza nchi hii ilitawaliwa na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Waingereza na Wabelgiji walifanya shauri moja la kuwatoa. Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, walishuka kutoka Rwanda, wakashika Biharamulo mwezi Juni 1916. Wakapata na bandari ya Nyamirembe, ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita, kisha wakaelekea kusini kupitia nchi ya Kahama. Kundi lao jingine lilitokea Kigoma kwa kufuata reli. Waingereza, chini ya Jenerali Crewe, waliteka Mwanza tarehe 14 Julai, na mwishoni mwa Agosti walikuwa Shinyanga. Wote walikuwa wakiikimbilia Tabora, na ingawa walikuwa marafiki, kila mmoja alitaka kutangulia. Wabelgiji ndio walioingia kwanza, tarehe 19 Septemba 1916.

Hayo ndiyo tusomayo vitabuni. Lakini nauliza: mizigo ilikwendaje? Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza haikuwako. Ilimalizika mwaka 1928. Ng'ombe na farasi waliuawa na ndorobo porini. Basi kila risasi, kila hema na kila gunia la unga lilikwenda juu ya kichwa cha mtu.

Na tufanye hesabu kidogo, kama tufanyavyo darasani. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 hivi. Tuseme alikula ratili 2 za unga kwa siku. Ikiwa amebeba unga, baada ya siku 30 amekwisha kuumaliza mzigo wake mwenyewe. Na ikiwa lazima arudi, basi safari ya siku 15 tu yatosha kuufanya mzigo wote uwe wake, na askari asipate hata kibaba. Ndiyo sababu majeshi yalitaka wapagazi wengi kupita kiasi, na ndiyo sababu yalichukua mtama na ng'ombe wa vijiji yalimopita. Katika vita hiyo wapagazi wa Afrika ya Mashariki walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi.

Mwenzangu mmoja alisema katika mdahalo, "Vita ilikuwa ya Wazungu. Kwa nini tuwawekee ukumbusho?" Ni neno zito, nami silidharau. Wala mimi sitaki sanamu ya Tombeur wala ya Crewe. Tombeur amekwisha kupewa heshima kwao, na hata katika mji wa Brussels iko barabara iitwayo Tabora. Nataka tuwakumbuke waliobeba. Vita haikuwa yao, lakini njia ni yao, maana waliijua kwa nyayo zao.

Tazameni jambo hili. Mwaka ule wa 1916 Wadachi walitengeneza sarafu za dhahabu katika karakana ya reli ya Tabora, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Idadi yake yajulikana: zilizidi 16,000 kidogo, na leo matajiri wazinunua kwa bei kubwa. Sisi watu wa nchi ya dhahabu twajua kuhesabu dhahabu. Lakini ni nani awezaye kuniambia ni wapagazi wangapi walitolewa katika kijiji chake?

Wengine hawakusahau njia zao. Mwaka 1781, katika vita vya Wamarekani vya kujitoa katika utawala wa Uingereza, jeshi la Wafaransa lilitembea pamoja nao mamia ya maili mpaka Yorktown. Tangu mwaka 2009 njia hiyo ni njia ya ukumbusho wa taifa kwa sheria. Kwetu iko sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yawataja wapagazi, lakini anayesimama juu ameshika bunduki.

Mwingine alisema fedha zifaa zaidi kununulia madawati. Kweli, lakini sikuomba fedha. Nimeomba daftari na kalamu. Wakati wa likizo kila mwanafunzi awaulize wazee wa kwao: nani alichukuliwa, alipita wapi, alirudi? Kisha majina yaandikwe katika kitabu kimoja cha shule, na penye kambi ya zamani tuweke jiwe lililopakwa chokaa.

Lakini tusikawie. Hakuna tena aliyeiona vita ile. Wamebaki watoto wachache wa walioiona. Bibi yangu ni mmoja wao. Asema baba yake alirudi, lakini tangu siku ile hakukubali kuweka kitu chochote kichwani, hata tita la kuni. Alilibeba begani, watu wakamcheka. Hakuwahi kujua jina la jenerali aliyembebea. Jenerali naye hakulijua lake.

Mimi nalijua, nami nimeliandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Kurasa zilizobaki ni zenu.