Lugha ya mahakama isiwe ukuta mbele ya haki

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza ami yangu hadi katika mahakama moja ya hakimu. Gari lilikuwa limemgonga na kumvunja mguu, naye dereva akashtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, karani akitafsiri sentensi moja baada ya kila tatu. Dereva alipatikana na hatia, akatozwa faini, akalipa na kwenda zake. Tulipotoka nje ami aliniuliza: "Mwanangu, hiyo faini nitaipokea katika dirisha lipi?"

Ami hakuwa mjinga. Alifikiri kama lugha yake ilivyomfundisha. Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno ni moja tu: kesi. Aliyeiba kuku ana kesi, na ndugu wanaogombea shamba wana kesi; wote husemwa kuwa wameshtakiwa au wameshtakiana. Ilhali mpango mzima wa mahakama zetu umejengwa juu ya kuligawa neno hilo mara mbili.

Katika kesi ya jinai, anayelalamika mbele ya sheria ni dola. Aliyeumizwa huitwa kama shahidi tu. Upande wa mashtaka sharti uthibitishe kosa pasipo shaka yoyote ya maana, na faini ikitozwa huingia katika hazina ya serikali. Katika kesi ya madai, mtu humkabili mtu. Mdai hutakiwa kuonyesha kwamba maelezo yake yana uzito kuliko ya mdaiwa, na akishinda hulipwa fidia. Hakimu yule yule aweza kusikiliza jinai asubuhi na madai alasiri. Kinachobadilika ni utaratibu, wala si jengo.

Kesi hizo hupanda ngazi moja: kutoka kwa hakimu hadi Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa, na chache hufika Mahakama ya Juu yenye majaji 7, iliyoundwa na Katiba ya 2010. Kando yake zipo mahakama za ajira na za mazingira na ardhi, zenye hadhi sawa na Mahakama Kuu, na mahakama za Kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Tena ipo Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Ami, basi, alipaswa kufungua kesi ya pili, ya madai, ndani ya miaka 3 tangu ajali. Ile ya kwanza ilikuwa imeahirishwa mara nyingi hata muda huo ukapita tukiisubiri. Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, sikumwonya mapema kwa kuwa sikujua. Mguu wake ulipona vibaya, na gharama za hospitali alizilipa kwa kuuza ng'ombe.

Katiba, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumiwa. Hata hivyo, sheria za mwenendo wa kesi za jinai na za madai zilitamka kwamba lugha ya Mahakama Kuu itakuwa Kiingereza, huku mahakama za chini zikiruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili. Maana yake ni kwamba kadiri kesi inavyopanda ngazi, ndivyo mwenyewe anavyozidi kuwa mgeni ndani yake.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Hoja hiyo haina mashiko. Jinai, madai, rufaa, dhamana, kiapo, fidia na hukumu ni maneno yetu ya tangu zamani. Bunge letu limetumia Kiswahili tangu 1974 bila kukosa la kusema. Jirani zetu wa Tanzania walibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kinachokosekana kwetu ni nia, na usanifishaji: karani mmoja husema "mlalamishi", mwingine "mdai", wa tatu "mshtaki", na msikilizaji hubaki njia panda.

Nina mapendekezo matatu. Bunge lirekebishe sheria hizo ziafikiane na Kifungu cha 7. Idara ya Mahakama, pamoja na wanaisimu wa vyuo vikuu, itoe orodha moja ya istilahi, na kila hukumu iambatane na muhtasari wa Kiswahili. Nanyi walimu, fundisheni ngazi za mahakama katika somo la Kiswahili, si katika somo la historia na uraia pekee. Mwanafunzi anayejua tofauti ya mshtakiwa na mdaiwa ataweza kumwambia mzee wake, siku ile ile ya ajali, kwamba kuna mlango wa pili, na kwamba haukai wazi milele.