Mzee Anayesinzia Kazini Apelekwe kwa Daktari Kwanza



Katika viwanda vya Bujumbura kila mmoja wetu anamjua mzee wa namna hii. Ameshika mashine miaka mingi, na vijana wote wamejifunza kwake. Lakini siku hizi saa nne asubuhi anasinzia, anasahau alichoagizwa, anauliza jambo lile lile mara mbili. Msimamizi anasema: mvivu huyu, mlevi huyu. Inakuja barua ya onyo, ya pili, kisha anaonyeshwa mlango.

Mimi nasema: kabla ya barua, daktari.

Muulizeni mkewe. Huenda akawaambia kuwa mzee hukoroma usiku kucha, ghafla akanyamaza, pumzi ikakatika, kisha akashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Sisi hucheka, kumbe ni ugonjwa. Madaktari huuita apnea ya usingizi. Koo hulegea na kuziba njia ya hewa. Pumzi husimama sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hupungua katika damu, na ubongo humshtua ili avute hewa. Kwa wagonjwa wengine hutokea zaidi ya mara 30 kwa saa. Mtu huyo amelala usiku mzima, lakini hakupumzika.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa habari za wanawake wazee 298, wenye umri wa wastani wa miaka 82. Baada ya miaka 5 hivi, kati ya waliokuwa na ugonjwa huu, karibu 45 katika kila 100 walikuwa wamepungukiwa na kumbukumbu na fikra. Kati ya wasio nao, walikuwa 31. Hesabu hiyo haisemi kwamba kila anayesahau ana apnea. Inatuonya tusiite uvivu jambo ambalo halijapimwa.

Tena ugonjwa huu unatibika. Iko mashine ya kupuliza hewa puani, iliyobuniwa Australia, ila ni ya ghali. Kupunguza unene, kuacha pombe ya jioni na kulala kwa ubavu husaidia wengi.

Mwajiri atasema: mzee akisinzia, mashine itamkata mkono. Ni kweli. Basi ahamishiwe kazi isiyo ya hatari wakati anatibiwa, asifukuzwe. Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema anayefanya kazi ya usiku ana haki ya kupimwa afya bila malipo, na akionekana hawezi kazi ya usiku, ahamishwe inapowezekana.

Wajumbe wetu, pelekeni mezani madai matatu: daktari kabla ya barua, gharama ya kupimwa iwe ya mwajiri, mshahara usikatwe.

Na sisi wenyewe tuache kumcheka mzee. Aliyetufundisha kazi asiondoke kwa aibu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeutazama.