Bolti ya pwani haichaguliwi kwa kung'aa

Mfanyabiashara anayeagiza bolti na nati kwa ajili ya wateja wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa aghalabu huanza kwa kuuliza bei ya kilo. Swali ni halali, lakini kwa soko la pwani ndilo linalomwingiza mlaji hasara, na baadaye muuzaji mwenyewe. Bolti mbili zinaweza kukaa boksi moja, zote nyeupe, moja ikaliwa na kutu kabla mwaka haujaisha na nyingine ikadumu miaka kumi.

Tofauti ni unene wa zinki. Bolti nyingi za bei nafuu hupakwa zinki kwa umeme, na utando wake huwa mikroni 5 hadi 8 tu. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Bolti zilizochovywa katika zinki iliyoyeyushwa hazivutii macho: rangi yake ni ya kijivu iliyofifia na uso wake unaparuza. Lakini hubeba mikroni 50 hivi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223, ambacho hupanga hewa ya mahali kwa ukali wake, kinakadiria kuwa katika daraja la C5, yaani ufukwe wenye chumvi nyingi au eneo la viwanda vikali, zinki hupungua mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe. Ile nyeupe haifiki mbali zaidi ya miaka miwili. Ile ya kijivu hupata sita hadi kumi na miwili.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ghala linahitaji bolti 400. Nyeupe ni shilingi 500 kila moja, ya kuchovya ni 900. Mnunuzi akichagua ya kwanza ameokoa shilingi 160,000. Siku ya kuzibadilisha atalipa bolti mpya, mafundi, jukwaa la kupandia na pengine siku mbili za kusimamisha kazi. Muuzaji anayeweza kumweleza mteja hesabu hiyo pale kaunta hana haja ya kushindana kwa kushusha bei.

Jambo moja dogo huwaangusha wengi. Kwa kuwa zinki ya kuchovya ni nene, nati yake hukatwa hesi pana kidogo, na nati ya kawaida haiingii. Nunua bolti na nati zake kutoka kwa mtengenezaji mmoja, na usizichanganye dukani.

Sasa tuje kwenye chuma cha pua, au stenlesi kama wengi wanavyoiita. Hapa ndipo udanganyifu ulipo. Daraja la A2 lina kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Linafaa jikoni na bara, lakini karibu na bahari hutoa madoa ya kutu na vishimo. Daraja la A4 huongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachopambana na chumvi. Kwa viwanda vya samaki, mashamba ya chumvi na vifaa vya gatini, A4 ndiyo ya kuanzia.

Wafanyabiashara wengi hupima kwa sumaku: ikinasa, si stenlesi. Kipimo hiki tungependa kizikwe. Bolti halisi ya A2 au A4 inaweza kuvutwa kidogo na sumaku kwa sababu ya kufinyangwa ikiwa baridi. Kwa upande mwingine, ipo stenlesi ambayo sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi ili kupunguza gharama. Sumaku hainasi hata kidogo, lakini kwenye chumvi hupata kutu mapema kuliko A2. Soma kichwa cha bolti: A4-70 au A4-80 pamoja na alama ya mtengenezaji. Kwa shehena kubwa, dai cheti cha vipimo, na tumia dawa ya matone inayobadilika rangi ikikuta molibdeni.

Mwekezaji mdogo naye aitazame nikeli, kwani ndiyo inayovuta bei ya stenlesi. Tarehe 8 Machi 2022 nikeli ilivuka dola 100,000 kwa tani katika soko la metali la London, soko likasimamishwa na mauzo ya siku hiyo yakafutwa. Bei ilishuka baadaye, lakini funzo kwa mwagizaji ni kwamba nikeli ikipanda, kishawishi cha kuleta ile ya manganizi nacho hupanda. Ofa inayobaki rahisi wakati nikeli imepaa inastahili kuulizwa maswali mawili.

Hata hivyo, hatusemi ghali ndiyo salama. Mwaka 1985 huko Uster, Uswisi, dari ya zege ya bwawa la kuogelea iliporomoka na kuua watu 12. Ilikuwa imening'inizwa kwa fito za stenlesi, na mvuke wa klorini ulizipasua zikiwa zimebeba uzito. Mwaka 2013, katika daraja jipya la Bay Bridge, California, fito 32 kati ya 96 za chuma chenye nguvu sana, zilizochovywa zinki, zilikatika baada ya kukazwa kwa sababu ya haidrojeni iliyopenya chumani. Kwa hiyo ukiulizwa bolti ya 10.9 au 12.9 iliyopakwa zinki, au stenlesi ya kuning'iniza kitu juu ya vichwa vya watu, mwelekeze mteja kwa mhandisi kabla ya kuandika risiti. Vivyo hivyo anayetaka kuweka A4-70 mahali pa 8.8: ya kwanza ni dhaifu zaidi.

Kwa duka la kawaida la pwani tungeshauri mtaji uelekezwe zaidi kwenye 8.8 ya kuchovya, kisha A4 kwa saizi chache zinazotoka haraka, M8 hadi M16. Nyeupe ibaki kwa kazi za ndani, na iandikwe hivyo kwenye boksi. Pamoja na A4 uza kopo la grisi maalumu ya hesi, maana nati ya stenlesi ikikazwa kavu hung'ang'ania na hukatwa kwa msumeno.